Hayati Si Neno la Marais Peke Yao

Barua ya wazi kwa wanaosimamia fomu za serikali, sherehe za umma, nishani na mitihani ya Kiswahili

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka orofa ya pili ya jengo moja karibu na River Road, hapa Nairobi, ambako nimefanya kazi ya kupanga kurasa na kusoma prufu kwa miaka 18. Tunachapa kadi za harusi, vyeti vya shule, mabango, vijitabu vya mashairi vya watu wanaojilipia wenyewe, na zaidi ya yote ratiba za mazishi. Majina ya watu hupita mezani kwangu kutwa. Mbele ya jina huwa pana neno dogo, Bw. au Bi. au Mhe. au Dkt. au Mch., na neno hilo dogo huniletea kesi nyingi kuliko tahajia, picha na bei.

Kesi moja ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Ratiba za mazishi ya Jumamosi huchapwa Alhamisi usiku, ili Ijumaa zisafirishwe na familia kwenda mashambani. Alhamisi moja jioni alikuja dada mmoja na wasifu wa mamake, umeandikwa kwa mkono kwenye daftari la shule. Mama huyo aliuza nyanya na vitunguu Marikiti tangu huyu binti akiwa wa kubebwa mgongoni. Alisomesha watoto 6. Alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama pale sokoni, na hesabu yake haikupungua hata shilingi. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha wauzaji wapya kusoma mizani na kuandika madeni ya wateja.

Nikampangia jalada. Picha katikati, mama amevaa kitambaa cheupe, chini yake neno Marehemu, kisha majina yake matatu. Dada akaitazama skrini kwa muda.

"Kaka, hatuwezi kuandika Hayati?"

Kabla sijamjibu, kijana mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yake alidakia. Alikuwa ametumwa na ofisi ya mgeni rasmi kuhakikisha jina la mkubwa wake limekaa sawa. Akasema Hayati ni ya marais na watu wakubwa, na familia ikiandika hivyo watu watashangaa. Yule dada akafunga daftari lake. "Basi, iache tu hivyo," akasema.

Kijana alikuwa na karatasi yake. Jina la mgeni rasmi lilianza na Mhe., likafuatwa na Dkt., yakaja majina matatu, kisha herufi za nishani. Usiku ule alinipigia simu mara tatu: Dkt. imesahaulika ukurasa wa nne, herufi za nishani zimetanguliwa na nukta badala ya mkato, Mhe. iandikwe kwa ukamilifu, Mheshimiwa. Mtu aliyekuja kusema maneno ya dakika 10 alichukua mstari mmoja na nusu kila alipotajwa, na alitajwa mara tano. Mama wa Marikiti, ambaye watu wote wale walikuwa wamekusanyika kwa ajili yake, hakuruhusiwa neno moja lenye herufi sita.

Nimeyawaza maneno hayo mawili tangu siku ile. Marehemu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni aliyerehemiwa. Kwa hiyo ni dua. Kila tunapolitamka tunamtakia mtu rehema ya Mungu. Hayati nalo asili yake ni uhai. Hakuna cheo ndani ya neno lolote kati ya hayo. Cheo tumekitia sisi, kwa matangazo ya redio, kwa magazeti na kwa itifaki za mazishi ya kitaifa, hadi ikawa Hayati Mzee Jomo Kenyatta huku, na Marehemu fulani wa sokoni kule. Tumewapanga hata wafu kwa madaraja. Ninyi mnaoandika matangazo rasmi na kufundisha maafisa wa itifaki mnaweza kuliondoa jambo hili kwa waraka wa ukurasa mmoja: kwamba familia ndiyo itakayochagua neno la kumtajia mtu wao, na kwamba hakuna afisa wa umma mwenye ruhusa ya kulikataa.

Ilinichoma zaidi kwa sababu mama yule alikuwa na lakabu ambayo Kiswahili kinaiheshimu kuliko zote. Julius Nyerere alifundisha shule ya Pugu, akaiacha kazi hiyo mwaka 1955 ili ashughulikie siasa, akawa kiongozi wa nchi kwa zaidi ya miaka 20, na jina lililomganda hadi leo ni Mwalimu. Watu walimwita kwa kazi waliyomjua nayo, yeye akaridhika nayo. Sisi wa Kenya tulipita njia nyingine. Waliokua na redio katika miaka ya themanini wanakumbuka taarifa ya habari ikianza na "Mtukufu Rais". Utukufu ni neno zito katika lugha yetu, ndilo tunalolitumia tukisema Kurani Tukufu. Nilikuwa mtoto, nikidhani ni sehemu ya jina lake.

Na mabadiliko yanawezekana, tumeyaona. Mwaka 2011 Jaji Mkuu Willy Mutunga alitaka majaji wasiitwe tena kwa yale maneno ya Kiingereza ya kumwita jaji bwana mkubwa, akasema katika Kiswahili waitwe Mheshimiwa. Sijasikia kwamba haki ilipungua kwa hilo.

Sasa niwaeleze kuhusu fomu.

Kiingereza kina neno moja, "title", ambalo hubeba mambo mengi: Bw. na Bi. za mbele ya jina, cheo cha kazini, jina la kitabu, ubingwa wa ndondi, na hata hati ya shamba. Kiswahili hakikufanya hivyo. Kina cheo kwa mtu aliyepandishwa, wadhifa kwa kazi aliyokabidhiwa, jina la heshima kwa adabu ya kumwita, lakabu kwa lile ambalo watu walimpa au alijipa mwenyewe, anwani au jina kwa kitabu, kichwa kwa habari ya gazeti, taji kwa bingwa, hatimiliki kwa ardhi. Haya ni maneno ya kila siku. Watoto wa kidato cha kwanza wanayajua mengi yake. Lakini anayetafsiri fomu zenu hufungua kamusi, akachukua neno la kwanza aliloliona, akaendelea na safari yake.

Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu. Mzee mmoja wa mitaa ya Eastlands, malenga wa miaka mingi, alikuja kwetu kuchapa diwani yake ya kurasa 64. Alikuwa na fomu ya ofisi moja ya umma ya kusajili kitabu, nakala ya Kiswahili, na alifurahi sana kwamba ipo kwa Kiswahili. Akaiweka mezani, akavaa miwani. Sehemu ya kwanza ilisema "Kichwa", na mbele yake visanduku vya Mr, Mrs, Miss na Dr. Akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, kichwa wanachouliza hapa ni kipi?" Nikamweleza ni Bwana au Bibi. Akatafuta kisanduku cha Mzee, hakikuwepo. Akatafuta Ustadh, maana ndivyo wanafunzi wake wanavyomwita, nacho hakikuwepo. Akatia alama kwenye Mr.

Nikaitwa kwenye mashine, nikamwacha amalizie peke yake. Sehemu ya pili ilisema "Anwani". Kwa mzee aliyeandika barua maisha yake yote, anwani ni mahali pa kutumiwa barua. Akajaza sanduku lake la posta. Wiki kadhaa baadaye alirudi na karatasi ya usajili mkononi. Diwani aliyoitunga kwa miaka 9, yenye jina alilolipa mwenyewe baada ya kulibadili mara nyingi, ilikuwa imeandikishwa kwa jina la S.L.P. na namba. Aliambiwa kurekebisha ni kuanza upya na kulipa tena. Alikuwa amelipia safari mbili za matatu na ada moja, na akiba yake ya uchapishaji ilikuwa imekwisha.

Hapo kuna jambo ambalo wenzetu wa Tanzania wanatushinda. Wao neno anwani wameliacha zaidi kwenye makazi na posta, na kitabu wanakiita kwa jina lake: jina la kitabu. Sisi shuleni tumelishikilia anwani kwa maana ya jina la kitabu, na posta tukalitumia vilevile. Silaumu neno, neno moja linaweza kukaa nyumba mbili. Lakini kwenye fomu andikeni "Jina la kitabu" na "Anwani ya posta", na pale juu andikeni "Jina la heshima", na muache nafasi tupu mtu ajiandike mwenyewe. Ni wino kidogo sana.

Au muondoe kabisa ile sehemu ya juu. Kitambulisho changu cha taifa kina majina yangu kamili, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na mahali nilikozaliwa. Hakina Bw. Kama Jamhuri inaweza kunijua bila Bw., sioni kwa nini dirisha la kulipia maji lishindwe.

Akina mama ndio wanaoumia zaidi na visanduku hivyo. Nimejaza fomu za dada zangu, za shangazi, za wateja wasiojua kusoma, na kila mara swali ni lile lile: umeolewa au hujaolewa? Mjane aweke nini? Aliyeachwa aweke nini? Aliyezaa na hakuolewa, ambaye mtaani anaitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza na amelizoea kuliko jina lake la kuzaliwa, atie alama wapi mbele ya karani na foleni ya watu nyuma yake? Kiswahili kilimaliza swali hili zamani. Bi. halimuulizi mwanamke habari za ndoa yake. Fungueni Taifa Leo la siku yoyote: waziri ni Bi, muuza samaki ni Bi, mshtakiwa ni Bi. Wapwani wa zamani walikuwa na Mwana, nalo lilikuwa jina la heshima kwa mabibi wa Lamu na Pate. Ndilo lililo mbele ya jina la Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858. Lugha yenye hazina kama hiyo haina haja ya kuazima Miss.

Kuhusu Dkt. nitasema machache. Aliyesomea tiba na aliyepata shahada ya uzamifu wote wanaistahili, na msomaji atajua ni yupi kwa muktadha. Shahada ya heshima ni jambo tofauti. Ni zawadi ya chuo kwa mtu, na desturi ya vyuo vingi duniani ni kwamba aliyeipokea hajiiti daktari kwa ajili yake. Niliwahi kukataa kazi ya mabango ya mtu aliyetaka niandike Daktari mbele ya jina lake ili auze dawa za sukari kwenye vituo vya matatu. Tulihitaji pesa mwezi ule. Lakini Daktari ni neno ambalo mgonjwa hulifuata akiwa na hofu, na likianza kuandikwa ovyo kwenye ratiba za sherehe zenu, sina la kumwambia yule wa dawa za sukari.

Nishani nazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 132, inampa Rais mamlaka ya kutoa heshima kwa jina la wananchi na la Jamhuri, na Sheria ya Tuzo za Kitaifa ya 2013 ikaweka utaratibu. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Lakini kwenye kazi zote zilizopita mezani kwangu sijaona nishani hata moja iliyoandikwa kwa Kiswahili. Zinakuja EGH, EBS, MBS, OGW. Nikiulizwa na familia maana yake, natafsiri mwenyewe, EGH ni Mzee wa Moyo wa Dhahabu, EBS ni Mzee wa Mkuki Uwakao, na wanashangaa kusikia ni maneno mazuri kiasi hicho. M ya MBS ni morani, neno la Kimaasai, kijana shujaa wa rika lake. Fikirini: tuna nishani yenye mkuki, moyo, mzee na morani, mambo ya nyumbani kabisa, halafu tunaificha ndani ya herufi tatu za Kiingereza. Toeni majina rasmi ya Kiswahili, na mwenye nishani asomewe jina hilo kwa ukamilifu siku anayovishwa. Bibi yake aliye kijijini ataelewa mjukuu wake amepewa nini.

Nimebakisha mitihani, na hapa nazungumza kama mzazi pia. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Kila kitabu anachosoma kinaishia kwenye swali moja: jadili ufaafu wa anwani. Ni swali zuri, mimi nalipenda. Lakini amefundishwa kulijibu kwa kuhesabu. Anapitia kitabu akitafuta neno la anwani limetokea wapi, anaorodhesha matukio hadi yatoshe alama 20, anafunga kitabu. Hakuna anayemuuliza nani aliipa kazi hiyo jina, kwa nini, na jina hilo limepitia nini tangu litolewe.

Ningependa aulizwe hayo. Utendi uliotungwa Pate, ambao mswada wake una tarehe ya 1728, una majina mawili: Utendi wa Tambuka, kwa mahali pa vita, na Chuo cha Herekali, kwa mfalme wa Rumi aliyepigwa vita humo. Chuo hapo maana yake ni kitabu. Kazi moja, majina mawili, kila moja likielekeza jicho upande wake. Ahmad Nassir Juma Bhalo alijulikana kama Malenga wa Mvita, na diwani yake iliyotoka 1971 ikabeba maneno hayo hayo. Mtu na kitabu wakawa na jina moja. Timothy Arege aliandika tamthilia ya Mstahiki Meya, ikasomwa na kutahiniwa nchi nzima. Mstahiki ndilo jina la heshima tulilompa meya. Mwaka 2013 magavana walipoingia, Nairobi haikuwa tena na meya wa kuitwa Mstahiki. Jina hilo la heshima siku hizi linaishi zaidi kwenye jalada la tamthilia kuliko mdomoni mwa watu. Mtoto akielezwa hivyo, ataisoma anwani ile kwa njia ambayo kuhesabu matukio hakuwezi kumpa.

Na neno diwani lenyewe! Lilitoka Uajemi, likapitia Kiarabu, lilikuwa daftari la serikali, kisha mkusanyiko wa mashairi ya mtu mmoja. Pwani yetu watawala wa Vumba walijiita madiwani. Tanzania diwani ni mwakilishi wa kata hadi leo, na hapa Nairobi tulikuwa na madiwani katika baraza la jiji kabla ya kuwaita wawakilishi wadi. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotwambia tunazungumzia kipi: diwani amefika, diwani imechapwa. Mwanafunzi anaweza kujifunza historia ya karne kadhaa na ngeli mbili kwa neno moja, na hakuna hata mtihani mmoja wa majaribio kati ya tunaochapa hapa uliowahi kumgusia.

Nimeambatisha kurasa mbili kwenye nakala za barua hii nitakazozileta maofisini mwenu kwa mkono. Ukurasa wa kwanza ni ile fomu ya usajili wa kitabu, nimeipanga upya kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mnaweza kuichukua bure. Faili ninayo, na atakayeitaka nitampa. Ukurasa wa pili ni orodha ya vifupisho vinavyotatanisha, Mh. na Mhe., Dk. na Dkt., kila kimoja na pendekezo langu, ili ofisi zote ziandike kwa namna moja.

Kuhusu malenga wetu, tumeshachangishana pale dukani, amelipa ada mara ya pili. Safari hii nilikaa naye hadi mstari wa mwisho.

Na yule dada wa Marikiti alirudi baada ya mwaka, kwa ajili ya misa ya ukumbusho. Hakukuwa na mgeni rasmi. Nilimuuliza tuandike nini chini ya picha. Akafikiri kidogo, akasema, "Andika Hayati Mwalimu, halafu jina lake." Tulichapa nakala 150.

Wenu mwaminifu,
Mpanga kurasa,
River Road, Nairobi